Matundu Niliyoziba Overport

Siku moja ninaikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu: siku niliyochanganya ndoo ya simenti nikaziba matundu ya nyumba ya watu bila kuuliza.

Wewe umeanza kupata kazi za ukarabati kwenye nyumba za zamani hapa Durban, na nimekuona unavyozidharau. Mimi pia nilizidharau. Nilikuwa nimetoka Uvira, Kongo, na mwiko wangu, fundi mwashi niliyefundishwa na mjomba, kichwa kimejaa majivuno. Nilipanga chumba cha nyuma mtaa wa Overport, kwa mjane mmoja wa Kihindi, ambaye wapangaji wote tulimwita Anti. Nyumba yake ilikuwa na veranda ya kuzunguka, nguzo za chuma zenye nakshi, dari ya bati lililopigwa maua, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, karibu kimo cha goti. Chini ya sakafu hiyo, ukutani, palikuwa na matundu yenye wavu wa chuma, kila upande wa nyumba.

Kwetu Uvira sakafu ni simenti juu ya udongo. Tundu chini ya ukuta ni aibu ya fundi, ni mlango wa nyoka. Kwa hiyo Anti aliponilalamikia panya na baridi ya miguuni, nilifurahi kupata nafasi ya kumwonyesha kazi. Nikaziba yote kumi na mawili, nikalainisha, na kwenye la mwisho nikaandika jina langu kwa msumari simenti ikiwa bado mbichi. Anti akanishukuru kwa sahani ya breyani, biriani ya hapa. Panya walipungua kweli, usifikiri nilikuwa fundi mbaya.

Mvua za miaka miwili zikapita. Asubuhi moja Anti alikuwa anapeleka chai verandani, ubao wa ukumbini ukakatika, mguu wake ukazama mpaka gotini. Hakuvunjika, lakini aliogopa sana. Mwanawe aliyekaa Westville alikuwa siku nyingi anataka nyumba ibomolewe yajengwe maghorofa, na Anti alikuwa anakataa. Aliingia humo akiwa bi harusi na alitaka kutolewa humo akiwa maiti. Sasa mwana akapata sababu.

Anti akamwita seremala wake wa siku zote, Mzee Saidi, Mzanzibari wa hapa hapa Durban, aliyezaliwa mtaa wa Bluff, ambaye Kiswahili chetu alikizoea kwa kufanya kazi na Wakongo. Aling'oa mbao mbili, akashuka chini ya sakafu na tochi. Alipotoka, akaizunguka nyumba kwa nje, akasimama mbele ya jina langu. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Eish, mtoto. Ni wewe ulifunga hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Mbao lazima ipumue huku chini. Wewe umefungia maji ndani. Iko boriti saba zimeoza, zile zingine ziko nguvu." Akajipangusa mikono. "Mimi nitaambia Anti inatengenezeka. Lakini mtoto wake atasema itaoza tena. Wewe ndiyo utasema sababu, kosa ni yako: hii matundu ikifunguliwa, haiozi tena. Sisi nyumba yetu ya Bluff serikali ya makaburu ilibomoa, hakuna mtu aliuliza mama yangu. Huyu Anti bado anaulizwa. Jumamosi mtoto wake anakuja, mwambie mbele ya hiyo siku."

"Sharp, mzee," nikamkubalia.

Sikusema. Niliogopa kufukuzwa, na karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa bado hazijakaa sawa. Jumamosi mwana akaja, na mimi nilikuwa pale pale verandani. Akamwambia mama yake kwamba hata wakitengeneza leo, itaoza tena, nyumba imechoka. Anti aliitazama ile dari yake. Kisha akasema, "Haya, kama na yenyewe imenichoka, nitakwenda."

Nyumba ilibomolewa kwa siku nne. Mzee Saidi hakunipa mkono tena mpaka alipofariki.

Miezi kadhaa baadaye dhamiri ilinizidi, nikapanda taksi mpaka Westville. Nilimkuta Anti kwenye chumba kizuri chenye vigae. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: simenti, matundu, Jumamosi ile. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo nyumba haikuwa imechoka?"

"Hapana, Anti. Ilikuwa nzima mpaka nilipoiziba."

Akalia. Nililia na mimi, lakini machozi yangu hayakumsaidia kitu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukikuta kwenye nyumba ya zamani kitu usichokielewa, usikizibe wala usiking'oe mpaka umeuliza waliokiweka walitaka nini. Walijua mvua ya hapa kabla yako. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati mwenye nyumba bado ana la kuchagua. Mimi niliusema ukweli, lakini niliupeleka Westville, na nyumba ilikuwa Overport.

Mungu aibariki mikono yako, akuondolee woga wa kukiri, na kila mama utakayemtengenezea nyumba ajaliwe kuzeekea humo.