Wiki ya Lori la Juba

Nilipofika Kampala nilikuwa nimeshahama miji mitatu bila kumuaga mtu. Shule niliiacha darasa la sita, na si kwa kukosa karo tu. Sikuweza kutulia dawatini huku malori yanapita nje. Katika soko la Owino nilipata kazi kwa mama mmoja Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Goma, aliyeuza viatu vya mitumba. Kwa mshangao wangu mwenyewe nikakaa naye karibu mwaka.

Alikuwa na utaratibu uliowaudhi wateja. Wauzaji wengine, robota la mitumba likikatwa kamba tu, hutaja bei viatu vikiwa bado vinamwagika, na watu wakavigombania. Yeye hakutaja bei ya kiatu hata kimoja mpaka vyote vipate wenzao na kupangwa juu ya turubai. Wateja walimtania kwamba anapanga kwaya. Aliendelea kupanga. Jirani yetu aliyekuwa na haraka alimuuzia mwanafunzi wa mtaa wa Wandegeya viatu viwili vya namba tofauti, na yule kijana akarudi anachechemea, ana hasira.

Wiki moja mambo mawili yalinijia pamoja. Dereva Mkenya niliyemfahamu, aliyekuwa akipakia sabuni Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kupeleka Juba, alimfukuza utingo wake, akaniambia nafasi ni yangu na lori linaondoka Alhamisi. Kesho yake Mama, kama nilivyomwita yule Mkongo, akasikia kwa mfanyabiashara wa kwao kwamba mama yake mzazi, aliyempoteza tangu vita vilipowatawanya, ameonekana Goma. Alitaka kwenda kumtafuta. Hakujua angekaa huko muda gani, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia kibanda. Kibanda kikifungwa muda mrefu, hupewa mtu mwingine.

"Kama unaenda Juba, enda," aliniambia huku akifuta kiatu. "Lakini uniambie mbele, nisipande basi bure."

Zamani ningekuwa nimeshadandia lori. Safari hii nilirudi Kikuubo kuuliza. Nilimuuliza dereva tungelala wapi, tungerudi na mzigo gani, utingo wa kwanza alikosa nini, na kama kulikuwa na safari nyingine baada ya hii.

"Bwana mdogo," akasema, "unatafuta kazi ama umetumwa na polisi?"

Wapakiaji walicheka. Hata hivyo alijibu. Utingo alifukuzwa kwa kulala. Safari zilikuwepo karibu kila mwezi. Nikirudi Owino kwa miguu nikaona kwamba kazi yenyewe sikuitaka sana. Nilitaka kuuona mji nisioujua, na mji hauhami. Bibi kizee wa Goma angeweza kuhama tena, au kufa. Jambo hilo halikuhitaji hekima kubwa. Lilihitaji siku mbili za kutosema ndiyo.

Jumatano nilimwambia Mama aende. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Alinionyesha mahali turubai linapovuja, akaniambia nisimwamini yeyote atakayeanza kwa kuniita ndugu.

Alhamisi lori liliondoka, na kutwa nzima sikuwa na raha. Ningependa kuandika kwamba moyo ulitulia baada ya kuamua. Haukutulia. Niliuza viatu huku nikikisia lori limefika wapi, na jioni niligombana na mteja bila sababu. Siku zilizofuata zilikuwa afadhali, si zote.

Mama alirudi mvua zikiwa zimeanza, amemshika mkono ajuza mwembamba aliyevaa sweta mbili. Ajuza alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akauliza mimi ni nani.

"Ni ule alibaki," Mama akamjibu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaelewana na dereva kwamba safari inayofuata naenda naye. Sikumwambia Mama siku hiyo. Nilimpisha bibi kwenye kigoda changu, nikaenda kumtafutia chai.