Lita Zilizoishia Kwenye Salamu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliendesha malori kwa miaka kumi na moja, na tangu alipostaafu hajaliona gari la mtu mwingine bila kulitolea hukumu. Hukumu ya gari langu aliitoa Jumapili, tarehe 11 Agosti, akiwa amekalia kiti changu kizuri nyumbani kwangu Nakwa, na kikombe changu cha chai mkononi.

"Shemeji," alisema, "hilo si gari. Hilo ni ng'ombe wa maziwa anayejinyonya mwenyewe."

Kwetu sisi wafugaji, ng'ombe wa namna hiyo dawa yake ni mnada tu. Nilimwongezea sukari.

Gari lenyewe ni dogo, la mizigo, lile ambalo nchi nzima inaliita kirikuu. Nililinunua mwezi Februari kwa mafao ya marehemu, ila theluthi moja ya bei aliitoa shemeji. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema theluthi moja, ingawa alisema yote. Linasambaza bidhaa za duka moja la jumla la mjini: sukari, unga, sabuni na madumu ya mafuta ya kula, kutoka sokoni hadi maduka madogo ya Singe, Nakwa na mitaa iliyo katikati. Mwenye duka hunilipa kwa siku, na petroli ni juu yangu. Gari likinywa sana, nafanya kazi ya kulinywesha.

Na lilikuwa linakunywa. Fundi aliniambia kwamba gari la aina ile, hata likiwa na mzigo, linapaswa kwenda kilomita kumi na tatu kwa lita moja. Langu lilikwenda nane. Shemeji alizijua takwimu hizo kwa sababu nilimpa mimi mwenyewe. Hesabu ya kugawanya yenye nukta niliisoma nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye darasa la jioni, na mtu aliyejifunza kwa kuchelewa hawezi kuficha jibu lililo sahihi, hata likimuumiza.

Tulikubaliana hivi: wiki ya mwisho kamili ya Septemba, kuanzia Jumatatu tarehe 23 hadi Jumamosi tarehe 28, gari lipimwe. Likienda chini ya kilomita kumi na mbili kwa lita, liuzwe. Mnunuzi alikwishapatikana, rafiki yake shemeji, ambaye alikuwa amepita kwangu mara mbili "kusalimia" na mara zote mbili akapiga teke matairi.

Sikutaka liuzwe. Katika ujana wangu nilitia dole gumba kwenye karatasi nyingi ambazo wengine walinisomea. Kadi ya gari lile ni karatasi ya kwanza ya mali niliyoisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha nikaitia sahihi.

Nilianza kwa kumshuku dereva. Ni mtu wa rika langu, mpole, mwenye koti la kaki ambalo halivui hata jua likiwaka, na nilijiuliza koti kubwa hivyo linaficha nini. Nilikuwa nimesikia habari za madereva wanaonyonya petroli kwa mpira na kuuza kwenye chupa za maji. Jumatatu, tarehe 12 Agosti, saa moja na nusu asubuhi, nilipanda mbele pembeni yake nikiwa na saa ya mkononi na daftari jipya.

"Mama, leo tunaenda wote?" aliuliza.

"Leo na kesho na keshokutwa."

"Karibu sana. Mlango huo ufunge kwa nguvu, hauamini mtu."

Tulipofika kibanda cha kwanza nilijifanya kumpangusa vumbi begani ili ninuse koti lake.

"Mama, unanusa nini?"

"Nanusa mvua."

"Mvua ya Agosti?" Alitazama anga, likiwa jeupe kama sahani. "Basi Mama una pua."

Koti lilinukia sabuni ya kipande. Sikuridhika. Mwizi naye hufua.

Kwa siku tatu niliandika kila kitu: saa ya kufika, saa ya kuondoka, kilomita za dashibodi. Vituo vilikuwa ishirini kwa siku. Nilichogundua ni kwamba kushusha mfuko wa sukari huchukua dakika mbili, na salamu huchukua dakika kumi. Anayepeleka sukari Singe hawezi kuitua kama anayetupa kuni. Atauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mahindi, na yule mgonjwa aliyepelekwa hospitali ameamkaje. Na tangu nilipopanda mimi, mambo yalizidi. Watoto walikuja dirishani mmoja mmoja kutoa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kumi na nne kwenye kituo kimoja. Wenye maduka walitoka nje kuniuliza kama ni kweli nimekuwa utingo.

"Mama, tangu lini unafukuza upepo na gari?" aliuliza mama mmoja wa Singe anayeuza unga, huku akinishika mkono na kukataa kuuachia.

"Tangu Jumatatu. Niachie mkono niandike."

"Unaandika nini?"

"Muda unaonipotezea."

"Basi niandike vizuri," alisema, akaanza upya na habari za mahindi.

Jumatano usiku nilikaa na daftari nijumlishe. Hapo nikaona jambo. Kurasa zilikuwa na miandiko miwili. Maneno niliyoyaandika nyumbani kabla ya kuondoka yalinyooka kama mistari ya jembe la ng'ombe. Maneno niliyoyaandika vituoni yalitetemeka yote, hata nukta zilikuwa na mikia. Mwandiko wangu nimeupata kwa jasho. Nilinyoosha mkono mbele ya taa nikauangalia. Haukutetemeka. Nikaandika jina langu mara tatu, likatoka safi. Kwa nusu saa nzima nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa usiojulikana, na nilikwishaamua nani apewe kuku wangu.

Kisha nikakumbuka kwamba vituoni niliandika nikiwa nimeketi ndani ya gari. Gari lililosimama. Gari lililosimama linatetemesha vipi kalamu?

Alhamisi asubuhi, tarehe 15, nilimngojea dereva langoni.

"Dereva, kwa nini huzimi injini tukisimama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Mama, si ulikataza mwenyewe?"

"Mimi?"

"Ile Jumapili ya mwezi wa tatu, baada ya ibada. Stata ilikataa kuwasha, wanakwaya wakatusukuma wakiimba. Ulipopanda ulisema, 'Dereva, kuanzia leo gari hili lisizimwe mbele za watu.' Nami sijalizima mbele za watu. Nalizima kwangu tu, kule kwenye mteremko."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa tarehe 17 Machi. Kwaya ile ilisukuma kwa sauti nne, na mtu wa sauti ya tatu alicheka. Fundi alinitajia bei ya stata, nikaona heri petroli, kwa sababu petroli inauma kidogo kidogo na stata inauma mara moja. Kisha nikasahau. Dereva hakusahau. Vituo ishirini, dakika kumi na mbili kila kimoja: jumla ya saa nne kila siku gari langu liliunguruma bila kwenda popote, likisikiliza habari za mahindi ya watu, na mtu huyu mwaminifu akalinda heshima yangu hadi tangi likakauka. Nami nilikuwa nimenusa koti lake.

"Nisamehe," nilisema.

"Kwa lipi, Mama?"

"Kwa mvua."

Alitafakari kidogo, akacheka hadi akashika lango.

Siku hiyo hiyo niliagiza stata. Fundi alisema itakuja na basi kutoka Arusha. Ilikuja tarehe 2 Septemba, nayo ilikuwa ya gari jingine, ikarudi ilikotoka, na nyingine haikuonekana. Ikabaki njia moja tu: kuzima gari kila kituo, mbele za watu, na kusukumwa mbele za watu hao hao.

Tulianzia pagumu, mbele ya duka la jumla, saa nne asubuhi sokoni kukiwa kumejaa. Mzigo ulikwisha kupakiwa. Dereva akakaa kwenye usukani. Nilivaa kitenge changu cha heshima, maana mtu akiaibika ni vizuri awe amevaa. Nikaweka mikono miwili nyuma ya bodi, nikasukuma. Gari halikusogea hata kidogo.

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye maneno machache, alikuja taratibu akasimama kando yangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nabana matumizi, Mzee."

"Kumbe gari lako ni la kusukuma?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na muda wote huo mimi nadhani unaliacha linaunguruma ili wateja wajue mzigo umefika!" Akawageukia wapakiaji wake. "Nyinyi, mikono hiyo ni ya kulia wali tu? Sukumeni!"

Likawaka kwenye gea ya pili. Sikufa. Ni jambo nililoliona la ajabu hadi tunafika Singe.

Kuanzia hapo tulibadilisha ratiba yote. Mimi na dereva tulipanga vituo kufuata miteremko, ili gari liwake likiteremka lenyewe, tukajifunza mji huu upya, kama maji yanavyoujua. Kwenye tambarare tuliwategemea wasalimiaji. Nilitangaza masharti dirishani: habari za watoto ni bure, ila anayetaka kunipa habari za mahindi azitoe huku akisukuma. Mama wa unga aliringa siku moja, siku ya pili akaja na wateja wake wawili.

"Habari za mahindi?" nilimuuliza kwa sauti kupitia dirishani.

"Yamekauka, wewe mwanamke!" alijibu huku akihema nyuma ya bodi. "Nenda!"

Jumatatu tarehe 23 nilijaza tangi hadi mdomoni. Shemeji alitakiwa kushuhudia, akachelewa, akanikuta nikiondoka. Akaandika kilomita za dashibodi kiganjani mwake kwa peni. Wiki ilipita bila kisa, isipokuwa Alhamisi, ambapo mteremko mmoja ulikuwa umefungwa kwa turubai la msiba, nasi tukazima gari mbali na kubeba mifuko begani. Sikutia dakika za msiba ule kwenye daftari.

Jumamosi saa tisa alasiri tulikutana kituo cha mafuta. Shemeji alikuja na rafiki yake mnunuzi, naye akaanza moja kwa moja kwenye matairi. Tukitoa zile za Jumatatu, dashibodi ilikuwa imeongeza kilomita mia tatu na moja. Mhudumu, dada mwenye kofia, akaingiza mpira. Sikuweza kutazama pampu, nikatazama viatu vyangu. Kwa kumi na mbili, nilikuwa na ruhusa ya lita ishirini na tano na tone tu. Pampu ikakata.

"Ishirini na tatu na nusu," alisema dada.

"Bado," alisema shemeji. "Kuna hewa. Litikise."

Dereva wangu akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mzee, huo sasa ni uchokozi!"

"Mwache atikise," nilisema. "Jumatatu nililitikisa mimi mwenyewe kabla hajafika, hadi petroli ikachungulia. Tikisa, shemeji. Ni haki yako."

Shemeji akavua koti. Alilitikisa gari lile kwa mgongo, kwa bega, akapanda hadi nyuma akaruka mara mbili, mtu mwenye wajukuu. Dada akaongeza, ikakata, akaongeza, ikakata. Mwisho petroli ikasimama mdomoni kama chai iliyomiminwa na mchoyo aliyeokoka.

"Ishirini na nne nukta tatu," alisema dada. "Nikiweka tena tunaosha sakafu."

Rafiki wa shemeji alitoa simu apige hesabu. Nilimwomba airudishe mfukoni. Niliweka daftari juu ya boneti, nikagawanya kwa mkono, wao wakisoma juu ya bega langu.

"Kumi na mbili," alisema shemeji polepole, "nukta tatu."

"Nukta tatu nane. Nikiendelea ni sita, lakini nimeona tutosheke."

Rafiki yake aliacha matairi. Shemeji alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, kisha akanirudishia ufunguo wa akiba aliokuwa amekaa nao tangu Februari kwa ajili ya ile theluthi.

"Basi kaa nalo," alisema. "Mimi nimechoka kulitikisa." Akafungua mlango wa mbele. "Twendeni, mtaniacha Nakwa."

"Shemeji, una kilo ngapi?"

"Sabini na nane."

"Dereva, kwenye mizigo andika themanini."

Alisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akinitazama, halafu akacheka, kicheko kile kikubwa ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike kaka yake. Akafunga mlango kwa nguvu, kama wenyewe unavyotaka, na akaenda zake kutafuta bajaji.