Sauti Kutoka kwenye Matangi

Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, na tulikaa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mafuta ya pamba, Kisumu, upande wa ziwani. Baba alifanya kazi kwenye mashine za kukamulia. Sehemu ya kusafishia mafuta ilikuwa imefungwa tangu kabla sijazaliwa. Mabati yake yaliliwa na kutu, matangi yalibaki matupu, na kuku wetu mmoja mkaidi alizoea kwenda kutaga katika sehemu hiyo.

Nyanya yangu, tuliyemwita Dani, hakuhofia kutu. Alihofia nyawawa, roho zinazopita na upepo wa ziwa zikiita watu.

"Ukiitwa jina na humwoni anayekuita, usiitike," alituambia. "Nyawawa huita mara moja tu. Mtu ataita tena."

Jumamosi moja mchana, mimi na binamu yangu Atieno tulipenya kwenye mabati kutafuta mayai. Yeye alienda upande wa matangi, mimi nikaingia chumba cha tanuri. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono ndani ya majivu baridi, nimeshagusa yai la tatu, niliposikia jina langu: "Auma!"

Sauti ilikuwa nzito, haikufanana na ya Atieno wala ya mtu yeyote niliyemjua. Nilifunga mdomo. Nikangoja niitwe tena. Nilijiona msichana mwenye akili kuliko wote Kisumu.

Sikuitwa tena. Kimya kile ndicho kilichoniinua. Kama ni nyawawa, basi imepita, nikawaza. Lakini Atieno yuko wapi? Nikaenda kutazama. Mlango mdogo wa chini wa tangi la mwisho, uliofungwa siku zote, sasa ulikuwa wazi, na ndani niliona miguu yake miwili, imetulia kabisa. Harufu iliyotoka humo ilinikata pumzi. Nikakimbia nikipiga mayowe.

Baba na Dani walifika pamoja. Baba alipoinama ili aingie, Dani alimshika shati.

"Usiingie! Kisima cha kwetu Seme kilichukua ndugu wawili hivi hivi, wa pili akimfuata wa kwanza. Bana pumzi, vuta miguu!"

Baba akabana pumzi, akaingiza mikono tu, akavuta. Atieno alitoka uso umekuwa kama majivu. Dani alimmwagia maji, akampepea kwa leso, akimwita kwa majina yake yote. Mwishowe alikohoa, akatapika, akalia. Sikuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Jioni nilikiri. "Dani, nilisikia naitwa. Sikuitika."

"Nilikukataza kuitika," alisema, akikoroga uji wa mgonjwa. "Sikukukataza kwenda kuangalia."

"Nilienda."

"Ulienda. Ndiyo maana tunapika uji wa mgonjwa, si wa matanga."

Shuleni baadaye nilifundishwa kuhusu hewa mbaya inayokaa kwenye matangi yaliyofungwa, na jinsi chuma kinavyogeuza sauti ya mtu. Niliyaamini yote, wala sikumwonea Dani haya. Yeye aliijua hewa ile kabla ya mwalimu wangu.

Atieno sasa ni nyanya, anakaa Asembo Bay. Nimemwuliza mara nyingi. Anasema hakuniita, alizimia mara tu alipoingia. Simbishii. Aliyeniita, yeyote yule, hakupata jibu langu. Lakini niliinuka nikaenda, na hilo hakuna aliyenifundisha.