Nguvu za Njeri

Tulikuwa wanne kwenye shamba la kahawa kule Ruiru: mama yangu Wambui, mimi, mdogo wangu Njeri, na tata, dada wa baba. Hata leo, nikisikia harufu ya maganda ya kahawa yakichacha, narudi pale. Njeri alikuwa na saratani ya taya, na kuchomwa kwa mionzi hospitalini kulimwacha hoi. Mama alimbeba mgongoni mpaka kazini, akamlaza juu ya gunia. Alipoamka, tulirusha vijiwe tukividaka, akacheka.

"Kumbe kutembea hawezi, kucheza anaweza," tata akasema. "Wambui, unafuga mvivu. Kesho atembee."

Tata huyo, akishakunywa uji, alikoroma kivulini mpaka nyapara amwamshe.

"Nimembeba ndio abaki na nguvu za kucheza," mama akamjibu. "Wewe zako unawekea nini?"

Kesho yake alimbeba tena, akapita mlangoni kwa tata makusudi, polepole.

Kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. La tata nalikumbuka vizuri. Sijaona tu sababu ya kuliandika.