Fomu Zisizo na Majina

Leo nimetumiwa kumchongea mwalimu ninayempenda kuliko wote.

Mkuu mpya wa shule niliyomaliza, huku Olmotonyi, aliniomba niwagawie walimu fomu za utafiti kuhusu hali yao: wanalala vizuri? Wana furaha kazini? Nani anawasikiliza?

"Wewe mpole, watakuamini," alisema. "Hakuna majina. Bahasha zinaenda kwa watafiti zikiwa zimefungwa."

Nikawaambia walimu hivyohivyo. Mimi, ambaye hata kunyoosha kidole darasani nilikuwa naona aibu.

Madam Neema wa Kemia alisita. "Kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa, Madam."

Akaandika ukurasa mzima.

Saa nane nikapeleka bahasha ofisini. Mkuu akazichana palepale, mbele yangu! Akaniwekea fomu moja mezani.

"Eti 'nikiitwa kwa mkuu natetemeka.' Hawa wamekusahihishia madaftari miaka minne. Huu mwandiko wa nani?"

Nilinyamaza. Jamani, nilinyamaza kweli. Lakini machozi yakanitoka, na macho yangu yakaenda yenyewe dirishani, upande wa maabara.

Akacheka. "Basi, umeshanijibu."

Nikakimbilia maabara, nikamweleza Madam yote huku nalia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Amesoma yote?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavua koti lake jeupe, akalikunja taratibu, akakaa.

Kesho saa mbili ameitwa ofisini. Naombeni mniambie ukweli: niende nikaseme mbele ya mkuu kwamba alinidanganya, au nitamharibia Madam zaidi?