Shati la Fundi Timazi

Watu wa jengo letu walimwita Timazi, kwa jina la kile kipande cha chuma ambacho mwashi hukining'iniza kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Kuta zake zilinyooka, na maneno yake yalinyooka vilevile, maana hakujua kumpaka mtu mafuta. Akikwambia umelewa, umelewa. Akikwambia nyumba yako itaanguka, anza kufunga mizigo. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo hilohilo, na kwa miaka mingi nilimnyoa ndevu kila Jumamosi huku akitoa hukumu juu ya dunia nzima.

Hukumu aliyoipenda kuliko zote iliwahusu watu wanaosaidiwa na serikali. Redio ikitaja tu habari ya posho za wagonjwa au wazee, Timazi anageuza shingo, na wembe wangu uko kooni pake. Nilishamwonya kwamba siku moja nitamchinja bila kukusudia, halafu tutangazwe redioni sote wawili. Hakusikia.

"Mtu mzima ana mikono miwili," alisema. "Ale kwa mikono yake."

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alikuja kibandani kusoma gazeti bure zaidi ya kunyolewa, hakumwacha apumue.

"Na mikono ikimwishia nguvu, fundi?"

"Ana ndugu."

"Na ndugu wakiwa hawawezi?"

"Basi hao si ndugu."

"Fundi, hii barabara unayopita kila siku uliijenga peke yako? Tunachangiana, ndiyo maana ya kuwa na serikali. Leo yeye, kesho wewe."

"Kesho mimi?" Timazi alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. "Mimi kesho niko kazini, mwalimu."

Nami, nisiwe mnafiki, nilikuwa upande wa Timazi. Naamka alfajiri, nasimama kutwa nzima mpaka miguu inavimba, halafu mtu aliyekaa kwake apewe? Ilinichoma. Hata sasa kuna siku inanichoma, na ndiyo sababu habari hii nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kumtetea mtu.

Presho Timazi alikuwa nayo. Nesi wa zahanati alimpima, akampa vidonge, naye akavimeza mpaka alipojisikia vizuri, akaviacha. Presho, alisema, ni ugonjwa wa watu wa viti vya ofisini. Mafundi wenzake walipoanzisha mfuko wa kumsaidia atakayeumia, aliwacheka pia, akasema yeye hana mpango wa kuanguka. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba alijitakia, ana pa kuanzia. Wengi walianzia hapohapo, tena kwa sauti.

Kiharusi kilimpata akiwa juu ya ukuta. Mwiko ulimponyoka, akautazama unavyoanguka, akashangaa kwa nini mkono wake haukuudaka. Wenzake walimshusha kwa kamba, kama wanavyoshusha mfuko wa saruji. Upande wote wa kulia ulikufa ganzi. Ulimi ulirudi baada ya muda, mzito kidogo, lakini mkono na mguu havikurudi. Mwenye jengo walilokuwa wakilijenga alikuja hospitali, akasema pole, akasema pia kwamba fundi alikuwa kibarua tu, akaondoka. Hatukumwona tena.

Mke alikuwa ameshakufa, na mtoto hawakujaliwa. Alikuwa na dada yake, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, anayepiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyemchukua. Chumba kilikuwa kimoja, juu kabisa ya ngazi, akakigawa kwa pazia. Asubuhi alimwogesha, akamvisha, akamlisha, akakimbilia kazini. Mchana alikimbia nyumbani kumgeuza na kumbadilisha, akarudi pasini jasho likimtiririka kabla hata hajaishika pasi. Nilimwona akipita mbele ya kibanda changu akienda na kurudi, na sikuwahi kumwona akitembea.

Dobi alivumilia mwanzoni. Kisha akaanza kuguna. Mwisho akamwambia macho makavu: ama aje kazini kama wenzake, ama akae nyumbani na kaka yake. Na akikaa nyumbani, wale nini?

Kabla sijafika mbali, niseme habari ya shati. Dada huyu hakumvisha kaka yake kitu ambacho hakijapita kwenye pasi. Mtu wa kukaa tu nyuma ya pazia, lakini kola yake ilisimama kuliko ya meneja wa benki. Alimfunga vifungo kuanzia chini, akifika cha juu anaacha. Kile kilikuwa cha Timazi. Alikifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jasho usoni, na ole wako umsaidie. Siku ya kwanza alipokiweza, alimwita dada, akamtuma dada aniite mimi, akanituma mimi nimlete mwalimu.

"Mwalimu, nilisema mikono miwili," alimwambia, huku akihema. "Nilikosea. Hata mmoja unatosha."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa miwani kufuta macho. Ile ndiyo siku ya mwisho niliyomwona Timazi akiwa Timazi mzima.

Baadaye kidogo dada akaja kibandani, akasimama mlangoni.

"Kaka kinyozi, nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Wanasema kuna walezi wanaolipwa na serikali. Mlezi anakuja asubuhi, anakaa na mgonjwa mpaka nitoke kazini."

"Fundi anajua?"

"Nimemwambia jana. Ameniuliza kama nataka kumwanika uchi barabarani."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia nimechoka, kaka. Basi. Akageukia ukutani, baadaye akasema waje."

Afisa wa ustawi alitakiwa aje ajionee kama mgonjwa kweli hajiwezi. Na sisi tulifanya nini? Tulijiandaa kupokea mgeni. Dada alisugua sakafu, akatandika shuka alizokuwa amezihifadhi, akafukuza harufu yote ya ugonjwa. Mimi nilipanda na wembe, nikamnyoa Timazi kidevu kikang'aa, nikapandisha na kiti changu cha kibandani ili mgeni akalie kitu cha maana. Shati lilipigwa pasi mara mbili. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, mgeni anapokuja shida unaisukuma nyuma ya pazia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba safari hii mgeni alikuja kuitazama hiyo shida.

Afisa alikuwa binti mpole, viatu vimeliwa upande kwa kutembea. Alimwamkia fundi kwa heshima.

"Shikamoo, baba. Unaweza kula mwenyewe?"

"Naweza."

"Na chooni?"

"Naenda."

Dada alimeza mate. Alikwenda chooni, ndiyo, mgongoni mwa dada yake, akibebwa kwenye korido watu wakipisha njia. Lakini utamkosoaje kaka yako mkubwa mbele ya mgeni?

"Na kuvaa?"

 Timazi aliinua mkono wa kushoto, akakishika kifungo cha juu, akahangaika nacho, akakipitisha. Yule binti akatabasamu kwa moyo wote.

"Hongera, baba!"

Nikapiga makofi. Mimi, mjinga, nilipiga makofi.

Walimnyima. Dada aliifuata sababu mpaka ofisini, na afisa hakumficha: "Nilichokiona ndicho nilichokipeleka, dada. Chumba ni safi, ndugu anamtunza vizuri, na mwenyewe anajimudu. Walezi ni wachache. Kuna watu nimewakuta wamelala kwenye mikojo yao, hawana hata mtu wa kuwafungulia mlango."

"Kwa hiyo nikimwacha alale kwenye mkojo, ndiyo mtakuja?"

 Afisa akamwambia anaweza kuomba ukaguzi mpya.

Dada alinisimulia haya akiwa amesimama palepale mlangoni, mikono yake ikinuka pasi. Mwalimu alilitupa gazeti. Alifoka kwamba huku ni kumwadhibu mtu kwa wema wake, kwamba laiti angekuwa dada mbaya angekwisha saidiwa. Nilitaka kufoka naye, ila nilikosa wa kumfokea. Yule binti hakudanganya. Wale wa kwenye mikojo wapo, na mlezi akija kwetu, hendi kwao. Lakini na huyu dada je, abebe mpaka lini? Kwa hasira nikamkata mteja sikio.

Afisa alipopanga kuja tena, nilipanda asubuhi na wembe wangu kama kawaida. Nilimkuta dada amepiga magoti na beseni la maji, na kaka yake amemzuia kwa mkono ule mmoja.

"Leo usinioshe."

"Kaka, wanakuja saa nne."

"Ndiyo maana nasema usinioshe. Na hilo shati usilipige pasi."

"Mimi siwezi kukuacha hivyo watu wakuone."

"Utaweza. Ukifukuzwa kazi tutakula nini, makaa ya pasi?"

Alijaribu kucheka kwa utani wake, sisi tukashindwa. Dada alilishika lile beseni bila kujua aliweke wapi. Nilisogea na sabuni, Timazi akageuza uso.

"Kinyozi, rudi na wembe wako."

Sikurudi. Nilisimama pembeni ya mlango. Mtu niliyemnyoa miaka yote ile alikaa pale kitandani na ndevu za juma zima, fulana ya jana imelowa ubavuni, harufu ikiwa wazi, na shati lililokunjamana limewekwa magotini. Dada alisimama ukutani kama aliyepewa adhabu shuleni.

Binti yule aliingia, akasita kidogo mlangoni, akaamkia. Akauliza maswali yaleyale.

"Unaweza kula mwenyewe, baba?"

"Siwezi."

"Chooni?"

"Nabebwa."

"Na kuvaa?"

"Siwezi."

"Mara ile ulifunga kifungo."

"Nilikuwa najidai, binti yangu."

Afisa alitazama chini. "Baba, natakiwa nione mwenyewe. Jaribu kidogo tu."

Dada akamvika lile shati. Timazi akaupeleka mkono wa kushoto shingoni, akakishika kifungo. Mimi nilikuwa namjua, nilikuwa nimemwona akikifunga mara nyingi kuliko mtu yeyote isipokuwa dada yake. Ukingo wa kifungo uliingia tunduni. Ilibaki kusukuma tu kwa kidole gumba. Akakiachia. Mkono ukaanguka magotini, na yeye akautazama kama alivyoutazama mwiko.

"Siwezi," alisema.

Dada alitoka nje, nikamsikia kwenye korido akilia kwa kujibana. Afisa naye nadhani alikiona kile kifungo. Aliandika alichoandika, akamwamkia tena fundi kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, akaondoka haraka.

Mlezi akapatikana. Sitamsema vibaya, ni mwanamke mwenye mikono ya nguvu na maneno ya kuchekesha, anamgeuza mgonjwa kama hana uzito. Dada amebaki na kazi yake. Amenenepa kidogo, na siku hizi anapita mbele ya kibanda changu akitembea. Mwalimu anasema huo ndio ushindi, na sijui nimbishie nini, maana nisipoangalia juu ya zile ngazi, ni ushindi kweli.

Jumamosi iliyopita nilipanda kumnyoa. Mlezi alikuwa amemvisha shati safi, pasi imepita, akamfunga vifungo kuanzia chini, na kabla hajamaliza akatoka kumwaga maji. Cha juu kilikuwa wazi. Nikamaliza kidevu, nikamfuta, nikangoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa pajani, na niliona vidole vyake vimeanza kukunjika, kama vya mkono ule wa kulia.

"Fundi, hicho cha juu si chako?"

Aliutazama mlango kwanza.

"Wanarudi kukagua, kinyozi. Siku hawasemi. Wakinikuta naweza?"

"Kifungo kimoja tu. Nani atakiona?"

"Dada yangu ana kazi," alisema, polepole, ili nielewe.

 Mtu ambaye alihukumu dunia nzima kwenye kiti changu alikuwa ananiangalia, anangoja nimwambie kama amekosea. Nikafuta sabuni mikononi, nikainama, nikakifunga mimi.

"Asante," akasema.