Maalim Katika Chumba cha Bi Zuhura

Niliwaficheni miaka yote hii kwa sababu naona haya, tena haya zenyewe zimechanganyika na hasira, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza.

Mwaka huo wa themanini na kitu nilikuwa kijana wa Mambrui niliyetoka kusomea kompyuta Mombasa (kichwa kimevimba, Mungu anisamehe), na mjomba wangu Salim, mkuu wa mapokezi katika hoteli moja pale Bofa, akamwapia meneja kwamba mpwa wake ataandika programu ya kugawa vyumba. Nikaiandika kwa lugha ya C kwenye mashine mpya ya ofisi niliyoajiriwa, na kila fanksheni ndogo, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, nikaitangulizia neno inline, ambalo huiambia kompaila, yaani ile programu inayoigeuza kazi yako iwe lugha ya mashine, iipachike fanksheni hapohapo inapoitwa ili kazi iende mbio. Nikamtambia meneja: "Hata kikohozi hutamaliza, mgeni keshapata chumba!"

Siku ya kwanza ya kazi ndiyo siku waliyofika walimu wa madrasa kwa mkutano wao. Wanawake walitangulia, mjomba akawapanga kwa mkono upande wao, chumba cha ishirini na moja hadi arobaini. Wanaume wakaachiwa kompyuta, kuanzia chumba cha kwanza. Natia disketi, kompaila kuukuu ya hoteli inanitapikia makosa skrini nzima: neno inline hailijui! Sasa, mtu mwenye akili angelifuta neno lile tu, dakika mbili, basi. Mimi je? Nimeshatamba kuhusu kasi! Nikazigeuza fanksheni zangu makro, ambazo nazo hupachikwa hapohapo, jasho likinitiririka, wageni wamesimama na mizigo yao, na programu sikuijaribu hata mara moja.

Makro haina akili, hunakili tu ulichoipa kila inapokitaja. Niliipa "ongeza namba ya chumba", nayo ikakitaja mara mbili, mara ya kuangalia kama vyumba vyote arobaini havijaisha na mara ya kutoa namba, kwa hiyo kila mgeni mmoja akaongeza mbili.

Mjomba akaona. "Mwanangu, mbona zaruka? Mbili, nne, sita..."

"Mjomba, kompyuta haikosei. We toa funguo!" (Nilimkemea mtu mzima mbele za watu, mnasikia?)

Wa kumi akapata ishirini. Wa kumi na moja, Maalim Bakari, mzee wa kuheshimika Malindi nzima, akapewa ufunguo wa akiba wa ishirini na mbili. Mjomba aliushika kidogo, akanitazama, akautoa.

Haikupita muda tukasikia ukelele. Bi Zuhura, mmoja wa wale walimu wanawake, alikuwa chumbani humo kichwa wazi, anachana nywele, na Maalim akatoka mbio kiatu kimoja, kofia mkononi, anaapa kwa sauti iliyofika hadi baharini: "Wallahi nimepewa ufunguo! Nimepewa!" Ukumbi mzima ukageuka kuitazama meza yetu. Kuna waliocheka. Maalim hakucheka, alilia, mzee yule, akasema amevunjiwa heshima uzeeni.

Meneja akaja amefura. "Nani amefanya hivi?"

Nilijua jibu. Mjomba naye alilijua. Akasema, "Ni mimi niliyetoa ufunguo, bwana," na mimi, niliyebwata kutwa nzima, nikainamia skrini nikajifanya natafuta kosa!

Wakamtoa mapokezi wakampeleka kuhesabu mashuka ya dobi, akayahesabu mpaka alipostaafu. Kila Idi nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa upole uleule, na upole huo ndio ulionichoma kuliko matusi. Alifariki sijamwambia meneja wala Maalim kwamba kosa lilikuwa langu.

Programu zangu siku hizi nazijaribu kwa kila kompaila, hilo si kitu, mashine hufundishika. Nilichoapa ni kingine: sitanyamaza tena mtu akichafuliwa jina kwa kosa langu. Nimechelewa, najua, na ndiyo maana nina hasira.